Mirunda Bado Ipo

Jumapili, 9 Machi
Mastura amechoka kunisikiliza. Tunakaa meza moja ofisini hapa Bukoba: yeye hukadiria gharama za majengo, mimi hupiga hesabu za nguvu zilizomo ndani ya boriti, na kila Jumatatu nikitoka kwa wazazi Izigo huwa na la kulalamika. Ijumaa kanipa daftari. "Judica, andika humu. Mimi masikio yangu yanahitaji likizo." Haya, naandika.

Usharika wetu wa Izigo unajenga roshani ya kwaya, ndani ya kanisa, nyuma, juu ya mlango. Wanakwaya wanataka kukaa juu. Wazee wa kanisa hawataki nguzo chini yake, isije ikamzuia mtu kuona madhabahu. Kwa hiyo boriti tatu zitatoka ukutani na kuning'inia hewani bila kitu mbele. Inawezekana kabisa. Nimechora bure, kama sadaka. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ni baba yangu, Mwalimu Ndyamukama, mstaafu, aliyefundisha hesabu darasa la saba mpaka wanafunzi wake wakaleta wajukuu. Leo mbele ya kamati nzima kaniuliza kwa kila ukurasa: "Una hakika hapa?" Mpaka mchungaji Josia akaanza kukohoa.

Jumatano, 12 Machi
Mvua. Njia ya kupandia nyumbani kwangu Kitendaguro imekuwa mto. Sina la kuandika.

Jumamosi, 15 Machi
Wamemwaga zege leo! Tulikubaliana Jumamosi ijayo, nije kwanza nikague nondo. Nampigia baba yangu, Tata, ananijibu kwa furaha: "Mbwenu, basi, mvua ilitupa nafasi, na akina mama walikuwa wamekwishafika na ndoo." Nikamwuliza nani alikagua nondo. "Mimi."

Yeye!

Jumamosi, 22 Machi
Nina hasira; daftari liniwie radhi kwa mwandiko huu.

Nimefika Izigo saa nne. Roshani ipo, imeegemea msitu wa mirunda, miti ya mikaratusi ya kuitegemeza, mbao za chini bado hazijatolewa. Fundi Mwijage, mtu wa Kaagya, mpole, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka, alikuwa analimwagilia zege maji. Nikamsifu. Nikamwuliza kama nondo nene za juu zilimsumbua kuzifunga. Akacheka, akanipigapiga begani.

"Usijali, mwanangu. Ulichora kwa haraka, ukazipindua. Tulikurekebishia. Nene tumeziweka chini."

Nilikaa kwenye mfuko wa saruji. Mtupu, bahati nzuri, maana ningeumwagia machozi ukagandia pale.

Niandike mara moja hapa, maana watu wote niliowaeleza leo wameniangalia kama naongea Kichina. Boriti iliyolala juu ya nguzo mbili, ukiibebesha, inalegea katikati. Tumbo lake linavutwa, mgongo unabanwa. Zege ni hodari wa kubanwa na mvivu kabisa wa kuvutwa, kwa hiyo unalitilia nondo kule linakovutwa, tumboni. Mwijage amejenga boriti za namna hiyo maisha yake yote, na zote zimesimama. Lakini boriti inayoning'inia imeshikwa upande mmoja tu. Ncha inataka kushuka, na kule ukutani, ambako nguvu ya kupinda ni kubwa kuliko mahali pengine popote, anayevutwa ni mgongo. Nondo zinatakiwa juu. Ukiziweka chini umelinyima zege msaada pale pale linapouhitaji, na halitakupa hata onyo. Litakatika kama muhogo.

Nimemfokea Mwijage mbele ya vibarua wake. Alivua kofia, akaikunja, akaendelea kumwagilia.

Jumapili, 23 Machi
Kamati imekaa baada ya ibada. Nimesema: mirunda isitolewe, roshani ivunjwe, ijengwe upya. Mzee mmoja akasema zege la Mwijage halijawahi kuanguka Muleba nzima. Mwingine akasema vijana wanasoma vitabu vya Ulaya, na huko udongo wao ni mwingine. Bibi Magdalena, mweka hazina, akanitupia "asiyesikia la mkuu huvunjika guu", na watu wakaguna kukubali. Nikamjibu kwamba safari hii litavunjika guu la kwaya. Hilo halikupokelewa vizuri.

Na Tata? Tata alikuwa anaangalia dirishani. Mtu aliyenichapa kwa kusahau alama ya kutoa, leo hana swali hata moja.

Wameamua: mirunda itolewe Jumamosi kabla ya Jumapili ya Mitende, kwaya ipande Pasaka. Mama yangu, Mae, anaimba sauti ya pili. Wao ni watu thelathini, na wakiimba pambio huwa wanaruka.

Alhamisi, 27 Machi
Mvua. Mirunda bado ipo, nimempigia Mae kuuliza. Anasema nimeanza kuwa kama mtu anayedai deni.

Jumatatu, 31 Machi
Mastura kanisikiliza dakika chache akaniuliza: "Huyo fundi alikuwa na mchoro wako mkononi. Fundi mtiifu, mwoga wa lawama. Ageuze kwa akili yake mwenyewe?" Nikamwambia asimtetee adui yangu. Akasema yeye anakadiria gharama tu.

Alhamisi, 3 Aprili
Mirunda bado ipo. Lakini sasa naogopa mirunda yenyewe. Mvua yote hii inaingia mlangoni, na mirunda imesimama juu ya udongo mtupu.

Jumamosi, 5 Aprili
Nimekwenda Kaagya kwa Mwijage, nikiwa nimejiandaa kumtisha na polisi ikibidi. Nilimkuta anapalilia kahawa. Mkewe akaniletea ebitoke, ndizi za kupika, na maharage kabla sijafungua mdomo, na huwezi kumtisha mtu huku unakula chakula chake. Nikala. Nikamwambia tu: "Baba, nakuomba, usiitoe mirunda."

Akasema: "Mwanangu, mimi nilizifunga juu. Kama ulivyochora. Nilishangaa, lakini nikafunga."

"Nani alizishusha?"

"Mwalimu alikuja jioni, kesho yake tunamwaga. Akaangalia, akaangalia karatasi, akasema: binti amechoka, amepindua. Zishushe. Nikamwuliza, tumpigie simu? Akasema hapana, na vijana wako wasijue kwa nini zimeshushwa. Hataki mtu amcheke mtoto wake."

"Na nilipokufokea mbele za watu, mbona hukusema?"

Akanitazama kana kwamba mimi ndiye mtoto mwenye matatizo. "Nimseme Mwalimu mbele ya binti yake?"

Nimemwomba radhi. Kaniongezea maharage.

Jumapili, 6 Aprili
Nimemfuata Tata kibanjani, kwenye migomba yake. Alikuwa anategemeza mgomba wenye mkungu mkubwa kwa mti wenye panda, kama afanyavyo tangu nipate fahamu.

Sikumzunguka. "Tata, wewe ndiye uliyegeuza nondo."

Hakukana hata kidogo. "Niligeuza. Ulikosea, nikakusahihishia. Kimya kimya, bila kukuaibisha. Ulitaka nikusahihishie mbele ya Magdalena?"

"Sikukosea!"

"Judica. Kitu kizito hubebwa kutoka chini." Akaupiga ule mti kwa kiganja. "Babu yako alijua hivyo, babu yake alijua hivyo. Chuma ndiyo nguzo. Umeiweka nguzo juu ya mzigo?"

Hapo ndipo nilipoelewa, na nikazidi kuchoka. Nyumba nzima, kamati nzima, kijiji kizima kilichokulia chini ya migomba, wanaona nondo kama mti wa kutegemezea mkungu. Si ujinga. Ni utaalamu wa kitu kingine.

Nikamshika mkono, mtu mzima, baba yangu, nikamvuta mpaka kwenye mgomba ulioangushwa na upepo wa Ijumaa, ambao hakuwahi kuutegemeza. Ulikuwa umepinda na mkungu wake, haujakatika wote. "Gusa palipopasuka. Ni tumboni au mgongoni?"

Akapapasa. Mpasuko ulikuwa mgongoni, nyuzi zimevutwa zikakatika moja moja, na tumboni umekunjamana tu.

"Ungetaka kuuzuia usipasuke hapo bila kuweka mti chini, maana mmekataa nguzo, ungefunga kamba wapi?"

Akarudisha kidole kwenye mpasuko; nikaona yuko karibu kuelewa. Kisha akasema: "Mgomba si zege," akaenda kunawa.

Nina hasira mpaka meno yanauma. Na niseme ukweli, kwa kuwa daftari hili halina mchungaji: nimelia njiani kurudi mjini, si kwa hasira peke yake. Alitaka nisichekwe. Angeweza kumwua mama yangu kwa kutaka nisichekwe.

Jumatano, 9 Aprili
Tata kapiga simu. Hakusalimia. "Tuipime. Lakini si kwa watu." Akakata.

Nikamwonyesha Mastura simu kana kwamba Tata bado yumo ndani yake. Mastura akasema, "Alhamdulillahi, mzee anakuja."

Jumamosi, 12 Aprili
Leo ndiyo siku waliyopanga kuitoa mirunda. Badala yake mimi na Mwijage tumeipanga upya. Safu ya mbele inabeba: kila mrunda una kabari ya mbao chini yake, na kila kabari ina kamba inayofika nje mlangoni. Nyuma yake tumeweka safu ya pili, minene, iliyosimama juu ya mawe na kupigiliwa mbao pamoja, na hiyo tumeikata fupi kwa vidole viwili, isiiguse roshani.

Tata alikuja, akaingiza kiganja kwenye ule uwazi. "Hii mbona fupi? Haibebi kitu."

"Haibebi kitu mpaka itakapohitajika, Tata."

Akaondoka anatikisa kichwa.

Mzigo tumeupata kwa mchungaji Josia. Jumapili ya Mitende watu huleta sadaka ya mikungu, hunadiwa nje baada ya ibada. Ameruhusu ipande roshani kwanza. Kasema ndizi hazina roho.

Jumapili, 13 Aprili
Naandika nikiwa bado na matope miguuni.

Ibada ikaisha, akina mama na vijana wakapanga mikungu juu, wakisukumana na kucheka, mirunda ikiwa imekaza. Kisha nikawatoa wote. Usharika mzima ukasimama nje mvuani, unachungulia mlangoni na madirishani. Magdalena akasema kwa sauti kwamba ndizi zake zikipondeka nitazilipa.

Mwijage akavuta kamba. Kabari zikatoka. Mirunda ya mbele ikalegea.

Hakuna kilichotokea.

Roshani ilisimama pale na mikungu yake, imetulia, kama ng'ombe anayecheua. Mtu akacheka. Wakacheka wengi. Mzee wa zege-halijawahi-kuanguka akaanza kupiga makofi, na nikasikia kijana mmoja akisema, "Kumbe injinia wetu ni mwoga tu." Nilitamani ardhi inimeze. Hata Mwijage alikuwa amekwisha kuingiza mguu mmoja ndani. Tata akamshika shati.

"Subiri," alisema Tata. Alikuwa anaangalia juu, pale boriti ya katikati inapoingia ukutani. Nami nikaangalia. Kulikuwa na mstari mwembamba, mpya, umeanzia juu unashuka.

Mgongoni.

Halafu ikalia. Mlio mmoja mkavu, kama tawi kubwa, na roshani yote ikashuka ikakalia safu ile fupi kwa kishindo, mikungu ikaporomoka kutoka juu, ikapasukia kwenye mabenchi tunayokaa sisi. Vumbi. Mtoto akalia. Mae alikuwa amenishika mkono, na sikujua tangu lini.

Vidole viwili. Iliangukia vidole viwili tu.

Watu walipopata sauti, sauti yote ilimwendea Mwijage. Fundi wa Kaagya! Mlevi! (Hajawahi kuonja hata lubisi, pombe yetu ya ndizi.) Ametaka kutuua! Alivua kofia yake, akaikunja. Nilijua hatasema neno, hata wangempiga. Nikafungua mdomo mimi. Lakini Tata alikuwa amekwisha kupanda kwenye ngazi ya mlangoni.

"Mwijage alifunga sawa. Aliyegeuza ni mimi."

Vidole vilivyokuwa vinamnyooshea Mwijage vikashuka.

"Binti yangu alichora sawa. Nikadhani amekosea. Nikamfichia ili msimcheke." Mvua ilikuwa inamtiririka usoni na hakuifuta. "Mbwenu, basi, nichekeni mimi."

Hakuna aliyecheka. Akaingia ndani, akaanza kuokota ndizi za watu, moja moja, akizifuta kwa koti lake la ibada. Nilimchukia wiki nzima na leo sikujua niuweke wapi moyo wangu. Nikaenda kuokota naye.

Jumapili, 20 Aprili
Pasaka. Kwaya imeimba ikiwa imesimama chini, imejibana pembeni. Mae anasema sauti zimetoka vizuri tu huko chini, roshani ya nini. Sasa ndiyo anasema!

Ijumaa, 25 Aprili
Wanavunja kwa nyundo. Mvua. Tata anasomba vifusi na vijana, nimemkataza, hasikii. Sikio la kufa.

Jumanne, 29 Aprili
Tata kaomba hesabu zangu. Zote. "Za kuangalia tu." Nimemtumia karatasi zote, pamoja na mchoro unaoonyesha nguvu ya kupinda inavyoanza na sifuri kwenye ncha na kukua kuelekea ukutani. Nina hakika atanirudishia na kalamu nyekundu.

Jumamosi, 3 Mei
Zege la pili. Nimekagua nondo kabla: nene ziko juu, zimeingia ukutani mpaka ndani kabisa, ringi, zile pete za chuma zinazozizunguka, zimebanana pale nguvu ya kukata ilipo kali. Kazi safi ya Mwijage. Tata alisimama pale tangu asubuhi na fimbo, na kila mwenye ndoo aliyekanyaga nondo ikazama kidogo aligombezwa: "Juu! Zikae juu! Hujui zinavutwa?" Sasa anamfundisha kila mtu. Alimweleza Magdalena habari ya mgongo wa mgomba kana kwamba ameigundua yeye. Nilimsikia nikauma ulimi.

Jumapili, 11 Mei
Mirunda bado ipo.

Jumapili, 18 Mei
Mirunda bado ipo. Kamati inataka itolewe mapema. Tata kawajibu: "Mwulizeni injinia." Nikajibu hapana. Wakakubali! Nilikuwa nimejiandaa kubishana, nikabaki na maneno mdomoni.

Jumatano, 28 Mei
Mvua zinapungua. Watu wameanza kuchuma kahawa. Tata hajarudisha hesabu zangu. Kimya chake kinanitia wasiwasi kuliko kalamu yake.

Jumamosi, 7 Juni
Tumelegeza mirunda, tumepima tena, kwa magunia ya kahawa, mazito kuliko kwaya mara mbili. Hakuna ufa. Jioni nimerudi mjini nikimwachia Mwijage atoe mirunda yote na kufagia. Nilimwambia: yote.

Jumapili, 8 Juni
Pentekoste. Nimeingia kanisani Izigo nikainua macho. Kwaya iko juu, thelathini wote, Mae katikati na kitambaa chake cheupe. Nikashusha macho.

Mrunda!

Mmoja. Chini ya ncha ya boriti ya katikati. Umechongwa, umepakwa chokaa nyeupe kama ukuta, umesimikwa kwa saruji sakafuni kama vile ulizaliwa pale. Baada ya yote yale! Baada ya nguzo zote walizozikataa! Na kibaya zaidi, boriti ya namna hii ukiichomekea nguzo kwenye ncha unaibadilisha kabisa: inaanza kulegea katikati, tumbo linavutwa, na nondo zangu nene ziko mgongoni. Mzee huyu ametafuta njia ya kukosea upande wa pili!

Nilikwenda pale wakati wimbo unaendelea, sijali nani ananiangalia. Mwijage alikuwa benchi la mwisho. Akaninong'oneza, "Waitu, mwanangu, mimi simo. Ameukata mwenyewe, akanikataza nisiuguse."

Nikapanda kwenye benchi. Nikachukua bahasha yangu ya sadaka, na pesa ndani, nikaisogeza kati ya kichwa cha ule mti na boriti. Ikapita. Ikatokea upande wa pili bila kukwaruza kitu. Nikarudia. Ikapita tena. Juu yangu akina Mae walikuwa wamefika kwenye pambio, wameanza kuruka, na bado ilipita.

Tata nilimpata nje baada ya ibada, anatafuta fimbo yake.

"Tata, ule mti ni wa nini?"

"Haubebi kitu."

"Nimeona. Nauliza ni wa nini."

"Niliukata mfupi kwa kidole kimoja kizima, usije ukaharibu hesabu zako." Akatoa karatasi zangu mfukoni, zimekunjwa nne, zimeloa pembeni. Zilikuwa na alama za vema kwa kalamu nyekundu, kila mstari, mpaka ukurasa wa mwisho. "Nimezipiga upya zote. Hazina kosa."

"Sasa kama hazina kosa, mti wa nini?"

Aliangalia mlangoni, ambako Mae alikuwa anateremka ngazi na wenzake, anacheka, kitambaa kimelegea.

"Huo ni wa kwangu mimi," akasema.

Kamati imeniuliza kama uondolewe, maana unamzuia Magdalena kuona madhabahu. Nimewaambia mimi ndiye injinia na nimesema ubaki. Mrunda bado upo.